Kabla Koko Hajauzwa kwa Kilo

Mgeni rasmi, Papa Lusenge, Rais wa Baraza la Uongozi la kiwanda chetu, Bwana Mkurugenzi, Padri na Mchungaji, mliokubali kugawana benchi moja, wateja wetu wa Butembo na Beni, na ninyi mliotoka mbali zaidi mkiwa na vumbi la barabara, nawe bwana mwenye lori lililosimama langoni, ambaye tulikuona asubuhi ukimpima Koko, presi yetu, kwa kamba: tunawasalimu wote, kila mmoja kwa heshima yake.

KARIBU

Papa, karibu Vulamba. Ulipokuja mara ya mwisho ulikaa dakika kumi na moja, na bado tunazisimulia. Leo tumeambiwa utakaa saa nzima. Kwa hiyo tumefagia, tumepaka chokaa, na tumemfunika Mademoiselle, mashini yetu mpya, kitambaa cheupe ili ukifunue tena mwenyewe mbele ya kamera. Tunaomba jambo moja tu kabla hatujasahau: ukishakifunua kitambaa, usiguse skrubu. Sababu tutaieleza mbele.

Kwa wageni ambao hawatujui, sisi ni watu ishirini na wanne. Tunatengeneza etiketi, yaani lebo, za chupa na makopo, na masanduku ya kartoni ya kila namna. Tunazo mashini mbili za kukatia. Ya kwanza ni presi ya chuma, nzito kama lori bila magurudumu, inayofunguka na kufunga kama mdomo. Tunamwita Koko, yaani babu, kwa sababu ni mzee kuliko wengi wetu. Ya pili ni mashini ya rulo, iliyofika mwaka jana mwezi wa tatu. Tunamwita Mademoiselle, yaani binti asiyeolewa, na mtakapomaliza kusikiliza mtajua kwa nini.

Juu ya meza ya mgeni rasmi kuna hati. Akiitia sahihi leo, Koko atauzwa kwa kilo kama chuma chakavu. Na pamoja na Koko itaondoka nafasi ya Mama Kavugho, kwa maana hakuna mtu wa forma mahali pasipo na presi.

HISTORIA FUPI YA FORMA

Mama Kavugho ana miaka arobaini na minane. Kumi na tisa kati ya hiyo ameimaliza katika chumba kile cha nyuma, chenye dirisha moja na harufu ya gundi ya mbao. Kazi yake ni kutengeneza forma, yaani kalibu za kukatia. Huchora umbo la sanduku juu ya mbao nyembamba, akapasua mistari kwa msumeno mwembamba, kisha akachukua utepe wa chuma chenye makali na kuukunja pole pole mpaka ufuate mchoro wake. Halafu huupigilia ndani ya mbao kwa nyundo ya plastiki. Pembeni mwa makali hubandika vipande vya sponji ili kartoni ikikatwa iruke yenyewe isinase. Sponji ya dukani hutoka ng'ambo. Yeye hutumia soli za ndara zilizochakaa, na ndiyo sababu watoto wa avenue yote wanajua mlango wa kuuzia ndara ya mguu mmoja.

Forma ya sanduku jipya humchukua siku moja. Ukibadilisha mawazo kesho, anang'oa utepe, anaukunja upya, na maisha yanaendelea. Koko anabonyeza karatasi moja moja, sitini kwa saa akiwa na moyo mzuri. Si mwendo wa kujivunia. Lakini kwa miaka kumi na tisa hajauliza karatasi ni nene kiasi gani.

Ndipo Papa ukaenda kwenye maonyesho ya mashini nchi za watu. Ulituambia mwenyewe uliporudi: uliona rulo ikizunguka, karatasi ikiingia upande huu na etiketi zikitoka upande ule, na kabla hujamaliza kikombe cha kahawa zilikuwa zimefika elfu kumi. Tuliamini kila neno, na bado tunaamini. Tulichosahau kukuuliza ni kama siku ile mtu yeyote alibadilisha umbo la etiketi ukiwa hapo. Tunadhani hapana, kwa sababu kahawa ingepoa.

MAFANIKIO

Haki ya Mademoiselle tuiseme kwanza, maana Kavugho mwenyewe alitukataza kumsema vibaya bila kumsifu. Akipewa karatasi nyembamba ya kubandika, umbo moja, na maelfu mengi, hakuna wa kumkaribia. Mwaka jana mwezi wa nane alikata etiketi elfu themanini za maji ya kunywa kwa siku moja na alasiri yake. Kavugho aliacha kazi akaja kusimama pembeni, mikono nyuma, akitazama rulo inavyozunguka.

"Anaimba," alisema.

"Mama, si atakunyanganya kazi?" Luc akamtania. Luc ndiye fundi wa Mademoiselle, na amesomea mashini.

"Aninyanganye hii ya maji, nitashukuru. Mabega yangu itapona."

Mafanikio ya pili ni ajira. Wengi walisema mashini itapunguza watu. Sivyo ilivyokuwa. Mademoiselle alipoanza kukata etiketi za jusi ya tunda la marakuja, sisi kumi na mmoja tuliongezewa kazi ya makasi kwa wiki sita. Hapa inabidi tueleze, na tunaomba mgeni rasmi avumilie.

Rulo ya kukatia ina mzunguko wake, kama kiuno cha mtu. Wetu ni sentimita arobaini na nane. Juu ya rulo huvishwa bati jembamba lenye makali, tunaloliita ngozi. Kila rulo ikizunguka mara moja, ngozi inakata kilichochorwa juu yake, si zaidi wala si pungufu. Kwa hiyo, kabla ya kuagiza rulo na ngozi, ni lazima ujue urefu wa etiketi yako. Ukishaagiza, chuma hakisikilizi ombi.

Siku ya kupima, Papa, ulikuwa na haraka. Chupa ya marakuja iliyokuwa karibu ilikuwa ile ya dirisha la bureau, yaani ofisi. Kavugho alikuwa ameletwa pale kushika futi kamba.

"Papa Président, samahani," alisema. "Ile chupa yenye uko napima njo ile ya maonyesho. Hatuiuzishaka."

"Mama Kavugho, chupa ni chupa!"

"Ndiyo Papa, lakini tumbo haiko moja."

"Weye kazi yako ni bisu. Mambo ya bipimo utuachie."

Akakuachia. Chupa ya maonyesho, kwa wasioijua, ilitengenezwa mara moja tu, kubwa kupita kawaida, ili ionekane kutoka mbali katika uwanja wa Beni. Haijawahi kutiwa jusi. Ina maji yenye rangi. Etiketi yake ni sentimita ishirini na nne. Chupa ambayo watu wanakunywa inahitaji kumi na tisa.

Basi Mademoiselle akakata elfu tatu za kwanza kwa robo saa, safi kabisa, na zote zilikuwa na mkia wa sentimita tano. Zilipobandikwa, mkia ulizunguka chupa ukaja kufunika picha ya tunda. Kilichobaki mbele ni anwani na maneno "tikisa kabla ya kunywa". Sokoni watu waliuliza kama ni dawa ya minyoo. Ndipo tulipogawiwa makasi. Mashini ilikata elfu kumi na mbili kwa saa, na sisi tukafuata nyuma tukikata mikia, mia tatu kwa saa kila mmoja, siku za mvua mia mbili. Ajira ilipanda. Tunakushukuru.

Tuliuliza kama rulo ile ile inaweza kukata kumi na tisa. Luc alipiga hesabu ubaoni mbele yetu wote: mbili za kumi na tisa ni thelathini na nane, mzunguko ni arobaini na nane, sentimita kumi zinatupwa kila mzunguko. Alivyoandika "kumi" aliipigia mstari mara tatu, chaki ikavunjika.

Hata hivyo ngozi mpya iliagizwa. Ilifika Entebbe kwa ndege, ikaja mpaka Kasindi kwa lori. Halafu barabara ikafungwa siku tisa. Kijana mmoja mwenye pikipiki, mtu wa Mutwanga, akajitolea kuileta kwa njia anazozijua yeye. Njiani mvua ilimkuta. Aliogopa isije ikalowa. Kwa huruma kabisa aliitoa katika bomba lake la kartoni, akaikunja mara nne kama barua, akaiweka ndani ya koti, upande wa moyo. Alipotukabidhi alikuwa ametota, yeye peke yake. Ngozi ilikuwa kavu.

Kavugho alimpa chai. Hakuna aliyekuwa na nguvu ya kumwambia kwamba ngozi ikishakunjwa haikati tena.

CHANGAMOTO

Papa, hizi si lawama. Ni tabia za Mademoiselle, na mtu akimwoa mtu huelezwa tabia kwanza.

Hapendi kidogo. Mama Sophie wa Luofu, mfuga nyuki, alikuja na mitungi yake ya asali akaomba etiketi mia moja na hamsini. Luc akakuna kichwa.

"Mama, kwa kumuwasha tu, Mademoiselle atakula mia tatu mbele hajakata moja ya muzuri."

"Mia tatu? Anakula kupita mukwe wangu!"

"Njo vile anapimwaka. Ukiomba elfu kumi, haitaonekana."

"Mutoto yangu, nyuki yangu hapana jua kuhesabu elfu kumi."

Na wateja wetu, Papa, wengi ni Mama Sophie. Kampuni ya maji ni moja.

Hapendi kubonyezwa vibaya. Etiketi ya kubandika ina karatasi mbili: ya juu yenye gundi, na ya chini inayoibeba. Kisu kinatakiwa kukata ya juu na kuigusa tu ya chini bila kuijeruhi. Tofauti kati ya kugusa na kujeruhi ni nyembamba kuliko unywele, na inashikwa na skrubu mbili. Siku ya uzinduzi, mpiga picha alikuomba Papa ushike kitu, ukashika skrubu ya kushoto, ukaizungusha robo mzunguko. Picha ilitoka nzuri sana. Iko ukurasa wa kwanza wa kalenda yetu. Mita mia nne za karatasi zilikatika juu na chini, zikaanguka sakafuni kama tambi, na Luc alihitaji siku mbili kurudisha skrubu mahali pake. Umeme nao ukipungua, rulo inapunguza mwendo, karatasi inalegea, na makali yanaanza kukata pembeni ya mchoro. Asubuhi za baridi gundi inakuwa ngumu. Saa nane mchana inalainika na kujibandika kwenye makali, na tunamsimamisha tumfute kwa kitambaa, kama mtoto mwenye mafua.

Na kosa lake halitokei mara moja. Koko akiharibu karatasi, ameharibu karatasi moja. Makali ya Mademoiselle yakipata pengo, pengo linarudi kila mzunguko mpaka mtu aone.

Hayo yote tungeyavumilia. Kubwa ni hili la unene. Rulo inakata karatasi. Haikati kartoni.

Sasa tumefika mahali ambapo risala hii ilikuwa ngumu kuandikwa.

Wiki saba zilizopita wakulima wa kakao wa Mutwanga walileta oda ya masanduku elfu mbili ya chokoleti, kartoni nene, yenye ulimi wa kufungia na dirisha lenye umbo la jani. Kavugho alikwisha kuchora forma. Ndipo simu yako ikaja. Bwana Mkurugenzi aliifungulia sauti, tukasikia wote.

"Oda ya Mutwanga ipite ku mashini mupya! Batu bananiuliza inafanya nini. Ile makuta yote nililipia chuma iko analala?"

"Papa Président, kartoni iko nene kidogo..."

"Mashini haiko na shida. Nyinyi njo muko na shida!"

Tukaipitisha, kwa ngozi ile ile ya etiketi, maana ya sanduku haikuwapo. Luc alifunga macho kabla ya kubonyeza kitufe, tulimwona. Mapande kumi ya kwanza yalitoka yamejikunja kwa kufuata umbo la rulo.

"Mama, kuya uone," Luc akaita. "Iko natoka imejikunja sawa vile mutu wa malaria."

Kavugho alilichukua moja, akalilaza juu ya meza, akaliwekea kiganja. Alipoondoa kiganja, lilijikunja tena. "Hii haitapona," alisema. Kwenye la kumi na moja tulisikia mlio mdogo, kama jino linalovunjika, na ndivyo ilivyokuwa. Makali ya ngozi yalipata pengo, na rulo ya chini ikapata mkwaruzo. Tangu siku ile, etiketi moja kati ya kila sita ina kona isiyokatika. Ukiivuta, inachanika. Sisi tumejifunza kuhesabu: moja, mbili, tatu, nne, tano, makasi.

Oda ya Mutwanga ilikuwa na siku tano. Kavugho alirudi chumba cha nyuma, akamaliza forma ya ulimi na jani, akaifunga ndani ya Koko, akasimama. Siku nne alibonyeza. Chakula alikula amesimama. Mkono wa kulia ulipochoka alitumia wa kushoto, na wa kushoto ulipochoka alituambia hadithi ili tusione. Masanduku elfu mbili na arobaini. Yale arobaini, alisema, ni kwa ajili ya njia, kwa sababu njia nayo inakula.

Kisha ikabidi ripoti iandikwe.

Papa, katika kiwanda hiki ripoti inayopanda kwako huwa na habari njema tu. Hakuna aliyetuamuru, ni mazoea. Hatujui ilianza lini. Tulikaa kuzunguka karatasi, tukaandika tarehe. Luc alitaka tuandike kuhusu pengo.

"Bataniuliza nani alikubali," alisema. "Nitasema miye. Basi."

Kavugho alikuwa ameketi juu ya ndoo iliyogeuzwa, viganja vimeelekea juu mapajani, havikuweza kufunga.

"Muandike tu kama Mademoiselle njo alikata," alisema.

"Mama! Na weye?"

"Miye nini? Masanduku ilifika. Papa alimuleta huyu mutoto kwa mapenzi, alimuombea hata misa. Mukimuambia ya kwamba alivunjika meno kwa siku moja, ataumia roho. Muandike bile. Kesho Luc atamutengeneza, itakuwa kweli."

Tukaandika: "Mashini mpya ya rulo imetimiza oda ya Mutwanga kabla ya wakati." Tukapiga muhuri. Wewe ukaisoma, ukafurahi, ukaweka picha ya lile sanduku lenye jani juu ya ukuta wa bureau yako ya Beni. Na kwa kuwa mashini mpya sasa inakata hata kartoni, ukajiuliza, kwa akili timamu kabisa, presi ya zamani inakula nafasi kwa sababu gani. Ndivyo hati iliyoko mezani ilivyozaliwa.

Mgeni rasmi, tulimcheka sana Mademoiselle katika risala hii, na wewe pia kidogo, utusamehe. Lakini aliyekupimia vibaya mara hii si wewe. Ni sisi. Wewe ulipima chupa ambayo haiuzwi. Sisi tulikupa ripoti ya kitu ambacho hakikutokea, na ukaitumia kupima. Sanduku lile la ukutani lilikatwa na Koko. Kila moja, na yale arobaini ya njia.

MAOMBI

Tunaomba Koko asiuzwe. Bwana mwenye lori asikasirike. Tunayo mabaki ya pampu mbovu na milango miwili ya chuma, na tutamsaidia kupakia.

Tunaomba Mama Kavugho abaki katika nafasi yake, na apewe watu wawili wa kuwafundisha kukunja utepe, kwa sababu mpaka leo ujuzi wote wa forma uko katika mikono miwili, na mmoja umeanza kutetemeka wakati wa kushika kikombe.

Tunaomba ngozi nyingine iagizwe, safari hii kwa rulo ya mzunguko unaofaa, na kipimo kichukuliwe kwenye chupa iliyonunuliwa sokoni, ikiwa imejaa, na aliyeshika futi kamba aruhusiwe kuongea. Anayeileta aambiwe kwamba inaweza kulowa, lakini haiwezi kukunjwa.

Tunaomba Mademoiselle apewe kazi zake: nyembamba, nyingi, za umbo moja. Kabla ya kumpa oda yoyote, Luc aulizwe. Akisema hapana, iwe hapana, hata kama simu imetoka juu.

Chupa ya maonyesho tunaomba uichukue kama zawadi. Ni nzuri sana ikiwa mbali na futi kamba.

Na sisi tunaahidi kwamba ripoti ya mwezi huu itakuwa na mambo yote, hata yale ya aibu. Ikikuumiza roho, utuite tuje tukuombe radhi ana kwa ana. Tutakuja wote ishirini na wanne. Utahitaji mabenchi.

MWISHO

Mgeni rasmi, huenda umekwisha kutazama viti ukaona kwamba mtu tunayemsema hayumo. Kavugho hakuja ukumbini. Alisema hawezi kukaa akisikiliza jina lake likisomwa, na pia ana kazi. Anamalizia etiketi mia moja na hamsini za Mama Sophie, ambaye amekaa mstari wa nne na anarudi Luofu leo. Kavugho hajui kwamba ya ripoti tumeyasema. Tutamwambia baadaye, na atatugombeza.

Kadi ya mwaliko uliyopokea, yenye kona za mviringo: Koko. Kibao chenye jina lako mbele yako: Koko. Na kalamu ya kutia sahihi, ambayo naona umeanza kuitafuta, iko ndani ya kile kisanduku kidogo cha kartoni karibu na hati. Kavugho alikiandalia forma yake jana. Tulimwambia ni kisanduku cha kalamu ya mgeni, akauliza kalamu ni nene kiasi gani, akaenda kuipima, akaipima mara mbili. Hakuuliza itaandika nini.

Kinafunguka kwa kuvuta ulimi wa kushoto, pole pole. Ukivuta wa kulia hakitafunguka.

Lakini kabla hujakishika, tunakuomba dakika moja. Tunawaomba nyote mnyamaze, na bwana wa muziki azime. Ule mlio mnaousikia nyuma ya ukuta, unaobonyeza, unaopumua, unaobonyeza tena, ndiye Koko. Tulihesabu jana: etiketi sita kwa kila mbonyezo, mara ishirini na tano. Sasa hivi atakuwa amefika kama mara ya kumi na nane. Papa, tunakusihi umwache afike ishirini na tano, na baada ya hapo umwache aendelee.

Mungu akuzidishie siku, akujalie watu wanaokuambia kipimo cha kweli, na akurudishe Beni kwa barabara iliyo wazi. Padri na Mchungaji waseme amina kwa zamu.

Ni sisi,
Wafanyakazi wa Kiwanda cha Etiketi na Kartoni, Vulamba, Butembo.

Imesomwa kwa niaba yao na Tamar, wa ofisi ya ripoti.